Gari Dogo la Mkononi Lisikushukie Bei: Mwongozo Kamili kwa Sisi wa Tanga

Mwaka 2019 mimi na jirani yangu tulinunua magari ya aina moja ndani ya wiki moja. Yote mawili yalikuwa Toyota IST, injini ya cc 1,300, rangi ya fedha, namba D. Langu nilitoa milioni 11 na laki 5, yeye milioni 11 kamili. Mwaka 2024 tukayauza. Mimi nilipata milioni 10. Yeye alizunguka nalo wiki saba, kutoka Chumbageni mpaka Muheza, mwisho akaliachia kwa milioni 6 na nusu. Kilomita zetu zilikaribiana na hakuna aliyepata ajali.

Gawanya hasara hizo kwa miezi 60. Mimi gari lilinila shilingi 25,000 kwa mwezi, yeye 75,000. Hela hiyo haionekani kama ya mafuta au ya fundi, ndiyo maana watu hawaihesabu, lakini ni hela ile ile ya mfukoni. Tofauti yetu haikutokana na ujanja wa kuuza. Ilianzia siku ya kununua, na ikaendelea kujijenga kila Jumamosi ambayo mmoja aliosha gari chini na mwingine hakuosha. Nitakupitisha hatua kwa hatua kama nilivyojifunza, na zipo ninazozipa uzito kuliko nyingine.

Hatua ya 1: Elewa kinachoshika bei

Gari jipya huporomoka bei zaidi katika miaka yake ya mwanzo. Huko Japani mwenye gari hulipeleka kwenye ukaguzi wa lazima unaoitwa shaken, mara ya kwanza likitimiza miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Kadiri linavyozeeka ndivyo ukaguzi unavyokuwa mzigo, basi wengi huliuza lingali zima. Sisi tunalipokea gari ambalo mteremko mkali limeshaumaliza kwa mtu mwingine. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza gari la miaka 15 linaweza kukaa kwetu miaka 5 na bei isiyumbe sana.

Sababu ya pili ni kodi. Gari dogo linapoingia nchini hudaiwa ushuru wa forodha asilimia 25 na VAT asilimia 18. Injini inayozidi cc 1,000 mpaka 2,000 huongezewa ushuru wa bidhaa asilimia 5. Kisha kuna ushuru wa umri: asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10, na asilimia 30 likizidi miaka 10. Viwango hivi huweza kuguswa katika bajeti ya kila Juni, kwa hiyo angalia kikokotoo cha TRA kabla ya kupiga hesabu zako. Ukizipandisha asilimia hizo moja juu ya nyingine, kwa gari lenye zaidi ya miaka 10 unakuta kodi inakaribia kulingana na thamani ya gari lenyewe. Anayetaka IST leo ana njia mbili: kuagiza na kulipa yote hayo, au kununua lako ambalo limeshalipiwa. Bei yako inashikwa mkono na bei ya lile linaloshushwa bandarini.

Sababu ya tatu ni dola. Mwaka 2019 dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,300. Mwaka 2024 ilipita 2,600. Gari linaagizwa kwa dola, kwa hiyo shilingi ikishuka, lile lililoko barabarani nalo hupanda kwa shilingi bila kufanya lolote. Hapa niseme wazi: sehemu ya milioni 10 zangu ililetwa na dola. Milioni 10 ya 2024 hainunui kilichonunuliwa na milioni 10 ya 2019. Ila dola ile ile ilimfikia na jirani yangu, na haikumsaidia.

Halafu kuna namba. Mtanzania anayetafuta gari huuliza namba kwanza, mwaka wa kutengenezwa baadaye. "Namba ngapi hiyo?" Ana maana ya herufi ya kwanza kati ya zile tatu za mwisho kwenye kibao. Herufi hiyo inasema gari lilisajiliwa lini hapa nchini, haisemi lilitengenezwa lini. IST ya 2003 inaweza kuwa na namba E kwa kuwa iliingia nchini juzi, na Vitz ya 2006 ikawa namba C. Soko linaipenda namba E na litailipia zaidi. Ukiwa mnunuzi, tumia upenzi huo kwa faida yako: gari la namba ya nyuma kidogo, lililotengenezwa mwaka wa karibu na kutunzwa vizuri, hupatikana kwa bei ambayo haina nafasi kubwa ya kushuka tena.

Hatua ya 2: Chagua gari ambalo fundi wa mtaani analijua

Kipimo changu ni hiki. Nenda Ngamiani kwenye maduka ya spea, taja gari unalolitaka, na uulize bushi, shokapu na pampu ya maji. Kama duka la kwanza wanazo, la pili wanazo, na la tatu wanakuuliza unataka mpya au ya mtumba, gari hilo litauzika. Kama wanakuambia "mpaka tuagize Dar", zidisha mashaka. Mnunuzi wako wa baadaye atauliza maduka hayo hayo.

IST ya kwanza, iliyotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007, inashika bei kwa sababu hiyo. Injini zake, ya cc 1,300 na ya cc 1,500, ni za familia moja iliyoingia kwenye Toyota ndogo nyingi, kwa hiyo spea zinaingiliana. Zinatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, na gia boksi ni otomatiki ya kawaida ya gia nne ambayo mafundi wetu wameifungua mara nyingi. Vitz za kuanzia 2005 na Passo, za cc 1,000, zina injini ya silinda tatu inayotetemeka kidogo ikisimama, na hilo si ubovu. Mafuta wanakula kidogo na ushuru wa bidhaa wa ukubwa wa injini hauwagusi. Wateja wake ni watu wa mjini. Mtu wa Lushoto akija kutafuta gari, akifikiria mlima wa kutoka Mombo kupitia Soni akiwa na abiria wanne na magunia, atakuomba cc 1,300 au 1,500. Ukipunguza injini, umepunguza wateja wa milimani.

Honda Fit, Mazda Demio, Nissan March: magari mazuri, na yapo niliyoyaendesha nikayapenda. Unayanunua kwa bei ya chini kuliko Toyota ya umri ule ule, na utayauza kwa bei ya chini zaidi. Kama utakaa nalo miaka 8, haidhuru, umeshafaidi. Kama unajua utauza baada ya miaka 2, sikushauri. Yale yenye gia boksi ya CVT, otomatiki isiyo na gia za kupanda moja moja, yana hofu nyingine: mnunuzi hana njia ya kujua kama oili yake iliwahi kubadilishwa, na kama iliwekwa ile inayotakiwa. Hofu hiyo huitoa kwenye bei.

Na kwa kuwa tuko karibu na Horohoro, neno moja. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka 8, na magari yaliyoko kule mara nyingi ni ya miaka ya karibu kuliko yetu. Utaletewa moja lenye namba za Kenya kwa bei ya kushangaza. Kama halijalipiwa ushuru huku na kusajiliwa, haliwezi kuwa lako kihalali, na mtu mwenye akili hatalinunua kutoka kwako.

Hatua ya 3: Kagua siku ya kununua kama vile unauza

Hapa ndipo mimi na jirani tulipoachana. Nilikwenda na fundi mmoja mzee wa Mabawa. Gari lilikuwa limeoshwa likang'aa, muuzaji ameshawasha kiyoyozi ili tukiingia tupoe. Mzee hakuingia.

"Shikamoo mzee wangu," muuzaji akasema.

"Marahaba mwanangu. Nifungulie buti."

Alitoa zulia la buti, akatoa tairi la akiba, akaweka kiganja ndani ya lile shimo ambamo tairi hulala. Akakaa hivyo kidogo, kama anayepima homa ya mtoto. Kisha akaangalia vidole: vumbi kavu, hakuna wekundu. Akatoa bisibisi, akageuza upande wa mpini, akaanza kugonga ukingo wa chini ya milango, nukta kwa nukta, kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Akanifundisha kusikiliza. Bati zima hulia "ti", tena kwa ukali. Bati lililoliwa na kutu kwa ndani, au lililojazwa puti, hulia "pu". Gari langu lililia "ti" mpaka mwisho. Ndipo akaomba ufunguo.

Fanya hivyo kabla ya kusikiliza injini. Injini inatengenezeka na gia boksi inabadilishwa. Sakafu iliyooza hairudi, na kwa Tanga itazidi kuoza. Kumbuka pia kwamba kutu nyingine inakuja na meli: kaskazini mwa Japani, kama Hokkaido, barabara humwagiwa chumvi majira ya baridi kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hurukia tumboni mwa gari. Lililotoka huko linaweza kuwa na uso wa bibi harusi na chini kwekundu.

Baada ya hapo:

Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta. Unataka kuona kulanti, maji maalumu ya kupoza injini, yenye rangi yake, nyekundu au ya waridi kwa Toyota nyingi. Maji ya kahawia yanakwambia mwenye gari alikuwa akijaza ya bomba.

Chomoa kijiti cha oili ya gia, kama gari linacho. Oili nzuri ni nyekundu. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, ondoka.

Linganisha kilomita na mwili. Dashibodi ikisema kilomita 70,000 huku mpira wa pedali ya breki umelika hadi chuma na usukani unang'aa kama kiatu kilichopigwa rangi, mita ilirudishwa. Kwa gari lililoingia karibuni omba cheti cha usafirishaji cha Japani, na kama lipo, karatasi ya mnada. Kwenye karatasi hiyo alama ya 4 au 4.5 ni gari safi, na R ni gari lililowahi kutengenezwa sehemu za msingi wa bodi. Bodi imechorwa na herufi: A ni mchubuko, U ni bonde, W ni sehemu iliyonyooshwa.

Liendeshe kwenye barabara mbovu. Lami ya kwenda Kange haitakuambia chochote. Ingia mitaa ya ndani yenye mashimo, zima redio, shusha vioo, usikilize bushi na shokapu.

Mwisho ni kadi ya usajili wa gari. Jina la kwenye kadi liwe la mtu unayempa hela, namba ya chesisi uisome mwenyewe kwenye gari, na kadi uione halisi, siyo picha kwenye simu. Magari mengi yamewekewa mkopo na kadi inalala kwa mkopeshaji. Ukiambiwa "kadi iko Dar, nitakutumia", hela nayo ibaki kwako mpaka ifike. Angalia deni la faini za barabarani kwa namba ya gari kwenye mfumo wa polisi, na hakiki bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima. Dakika kumi za simu zinatosha. Jirani yangu alipokea gari lililokuwa na jina la mtu wa tatu, akaridhika na karatasi ya mauziano. Miaka 5 baadaye karatasi hiyo ilimgharimu, nitaifikia.

Hatua ya 4: Pigana na chumvi

Kama hatua nyingine utazisahau, hii ishike. Sisi tunakaa na bahari. Upepo wa Raskazone na Sahare unaotupoza jioni unabeba chumvi, na chumvi kazi yake ni kuvuta unyevu na kuushikilia kwenye bati. Bati lenye chumvi halikauki sawasawa hata jua liwe kali. Kutu haianzii pale unapopaona, huanzia maji yanapotuama.

Kila wiki, au kila ukitoka kuendesha karibu na maji ya bahari, osha tumbo la gari kwa maji baridi ya bomba, siyo mwili tu. Waoshaji wengi humwaga sabuni juu na kupangusa. Mwambie apige maji ndani ya matao ya magurudumu na chini ya kingo za milango mpaka yatoke meupe. Ongeza hela kidogo, uliza kila mara, mwisho atakuzoea.

Sasa piga magoti ufungue mlango uuangalie kwa chini. Utaona vitundu vidogo, viwili au vitatu, kwenye ukingo wa bati. Maji yanayopita pembeni ya kioo mvua ikinyesha hushuka ndani ya mlango na kutokea hapo. Vumbi jekundu la Muheza na majani makavu huviziba, na mlango unageuka ndoo. Mimi hutumia kijiti cha ufagio wa chelewa: nachomeka, nazungusha, na mara nyingine hutoka maji ya kikombe kizima hata wiki haijanyesha. Mara moja kwa mwezi inatosha. Milango ya jirani yangu ilikuwa na malengelenge ya rangi kwa chini, yote minne. Ukiona lengelenge la rangi, ujue bati nyuma yake limeshaanza kuliwa na kutu.

Kuna na maji ya kiyoyozi. Yana mpira wake wa kutokea chini ya gari. Mpira huo ukizibika, maji yanarudi ndani na kulowesha zulia la miguu ya abiria wa mbele. Utasikia harufu ya uvundo kwanza. Ukikuta zulia limelowa, usilianike juu juu. Ling'oe, zibua mpira, acha sakafu ikauke siku nzima. Ikiwa umenunua gari ambalo chini kumekwanguka, safisha hadi chuma kionekane, paka rangi ya kuzuia kutu, kisha ile dawa nzito nyeusi ya chini ya gari. Usikubali dawa hiyo ipakwe juu ya kutu. Itaificha na kuifungia unyevu, nayo itakula kwa raha.

Jirani yangu alikuwa akichukua samaki alfajiri kwenye soko la samaki la Deep Sea. Biashara halali na nzuri, nami nimekula samaki wake. Lakini barafu ilikuwa ikiyeyuka kwenye ndoo zisizo na mfuniko, na maji ya samaki yakishuka chini ya zulia la buti, kwenye lile shimo la tairi la akiba. Kama nawe unabeba samaki, chumvi au dagaa, tandika turubai zito lenye kingo zilizoinuliwa, tumia boksi lenye mfuniko, na ukirudi nyumbani mwaga maji baridi, kausha, acha buti wazi. Alipokuja mnunuzi wa kwanza, alikuja na fundi. Tairi la akiba lilipoinuliwa, tuliona changarawe za barazani kupitia tundu.

Hatua ya 5: Daftari

Nunua daftari la shilingi chache, liweke kwenye droo ya dashibodi. Kila huduma andika tarehe, kilomita, kilichofanyika, na bandika risiti. Oili ya injini na filta kila kilomita 5,000. Joto letu, vumbi na safari fupi fupi za mjini havitaki uvumilivu zaidi ya hapo. Oili ya gia boksi kila kilomita 40,000, na iwe aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kulanti, plagi, maji ya breki, vyote viandikwe.

Naamini daftari lile liliniletea si chini ya nusu milioni. Mnunuzi wangu, mwalimu kutoka Korogwe, alilisoma ukurasa kwa ukurasa amekaa kwenye kiti cha mbele, mguu mmoja nje. Alipofika mahali nilipoandika kwamba gari lilichemka Segera mwaka 2021 na nikabadilisha pampu ya maji, akaniangalia. "Hili nalo umeliandika, dada?" Baada ya hapo hakuomba tena kupunguziwa.

Hatua ya 6: Acha gari lilivyo

Usishushe springi, usikate nyaya kuweka spika za kutikisa vioo, usibadilishe rangi. Unayependezwa nayo ni wewe, mnunuzi ataona kazi ya kurudisha. Ukikwangua bampa, paka bampa peke yake. Gari lililopigwa rangi zima kabla ya kuuzwa humfanya mtu ajiulize linaficha nini. Vifaa vya asili ukivitoa, kama redio au vifuniko vya magurudumu, vihifadhi ndani, uviuze na gari.

Hatua ya 7: Uza kabla hujalazimika

Anayeuza kwa sababu ada ya shule inadaiwa Jumatatu ameshapoteza. Januari kila mtu ana ada, wauzaji wengi na wanunuzi wachache. Ukiweza, tangaza kuanzia Juni kwenda mbele. Pia usingoje mpaka gari lidai mambo makubwa kwa pamoja: tairi nne, shokapu na betri zikikutana, mnunuzi atakata zaidi ya gharama halisi, maana anakata na usumbufu wake.

Kabla ya kutangaza, tengeneza vile vidogo vinavyosikika na kuonekana: bushi inayogonga, kiyoyozi kisichopoza, taa iliyoungua, kitasa kilichovunjika. Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, pima gari kwa kompyuta uondoe tatizo lenyewe, siyo kuifuta taa tu. Usioshe injini siku ya mnunuzi kuja. Injini yenye vumbi jepesi na isiyovuja inaaminika kuliko inayong'aa ikiwa na maji.

Kupanga bei, kusanya matangazo kama kumi ya gari lile lile, herufi ile ile, cc ile ile. Ondoa la juu kabisa na la chini kabisa. Yanayobaki ni bei za kuombea, siyo za kuuzia, kwa hiyo jiandae kushuka kidogo. Linganisha na gharama ya kuagiza kupitia kikokotoo cha TRA. Kama lako linakaribia sana la kuagiza, mtu ataagiza. Kisha jiwekee moyoni bei ya mwisho na usimwambie mtu, hata dalali. Hasa dalali. Dalali mzuri ana wateja na anastahili ujira wake, lakini mkubaliane kiasi mapema na mnunuzi umwone kwa macho. Dalali akiweka cha juu cha milioni moja, gari lako linakaa sokoni kwa bei ambayo siyo yako, na likikaa sana watu huanza kusema lina kasoro.

Picha zipige asubuhi, gari kavu: pande zote nne, ndani, dashibodi ikionyesha kilomita, chini ya zulia la buti. Hiyo ya mwisho karibu hakuna anayeiweka. Mimi niliiweka, na simu tatu za kwanza zote ziliitaja.

Hatua ya 8: Makabidhiano

Jirani yangu alipata mnunuzi wa milioni 8, hata na kutu ile. Wakafika kwenye kadi. Jina halikuwa lake, na mwenye jina alikuwa ameshahama Tanga, simu haipatikani. Mnunuzi akaondoka. Aliyekubali baadaye alikubali kwa milioni 6 na nusu, tena kwa kumhurumia.

Kwa hiyo badilisha umiliki mwanzoni kabisa, wiki ile ile unayonunua. Mnahitaji TIN (namba ya mlipakodi) zenu wote wawili, vitambulisho, kadi halisi, na mkataba wa mauziano uliopigwa muhuri na wakili. Kuna ada ya uhamisho, kadi mpya, na ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya bei. Watu hukwepa gharama hii wakidhani wanaokoa. Wanachofanya ni kuiahirisha mpaka siku wasiyo na uwezo nayo.

Ukiwa muuzaji, liendesheni gari pamoja, usimpe mtu ufunguo peke yake. Hela ipite benki, mkiwa wote mmekaa pale, na usisaini kabla haijasoma kwenye akaunti yako. Andikeni kwenye mkataba tarehe na saa ya makabidhiano, maana faini ya kamera ya saa kumi jioni ni ya aliyekuwa nalo saa kumi. Kisha fuatilia mpaka jina litoke kwako. Mwalimu wa Korogwe nilimpigia mara mbili. Mara ya pili akanitumia picha ya kadi mpya yenye jina lake, nami nikalifuta gari lile kwenye orodha yangu ya mali.